Shahada Zinatoka Wapi?

Jioni ya leo nataka tulitazame swali linaloulizwa sana vibarazani na kujibiwa haraka mno: hapa Tanzania ni nani anapata shahada ya chuo kikuu, na anatoka mkoa gani?

Majibu ya haraka unayajua. Utaambiwa Wachaga wamesoma, Wahaya wamesoma, Wanyakyusa wamesoma. Kisha utaambiwa watu wa Pwani hawapendi shule, na Wasukuma wanapenda ng'ombe kuliko madaftari. Maneno hayo yamekaa vinywani mwetu miaka mingi hata watoto wanayarithi kabla hawajajua kusoma. Mtoto wa Lindi au wa Kasulu akifeli, anajiona ametimiza alichoandikiwa. Mimi siyakubali hata kidogo. Tofauti ipo, tena kubwa, lakini ilitokana na maamuzi ya watu, katika miaka inayojulikana. Tukiyajua maamuzi hayo tutajua pia pa kuanzia.

Tuanze Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 serikali ya Wajerumani ilifungua shule yake mjini Tanga. Haikuwa shule ya misheni, haikufundisha dini, na watoto wa Kiislamu wa Pwani waliingia bila wazazi wao kuhofia kwamba watarudi nyumbani na imani nyingine. Vijana waliotoka humo wakawa makarani, walimu, wakalimani na maakida. Mjerumani alipotaka kupeleka utawala bara, aliyeshika daftari la kodi alikuwa mara nyingi mtu wa Pwani. Kwa hiyo anayesema kwamba Pwani haijawahi kupenda shule hajaisoma historia. Pwani ilitangulia.

Kilichobadilika ni serikali. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliingia Waingereza, na kufikia katikati ya miaka ya 1920 walikwisha kuamua kwamba sehemu kubwa ya elimu itaendeshwa na wamisionari, serikali ikiwapa ruzuku. Ulikuwa uamuzi wa kubana matumizi. Lakini wamisionari walikuwa wamejenga wapi? Walijenga sana kwenye nyanda za juu zenye baridi, ardhi nzuri na malaria kidogo: Kilimanjaro, Bukoba, Rungwe, Usambara. Ruzuku ilifuata majengo yaliyokuwapo tayari. Mzazi wa Kilwa au Bagamoyo akabaki na shule chache za serikali, na shule ya misheni ambayo aliogopa kwamba mlango wake ni ubatizo. Wazazi wengi wa namna hiyo waliwapeleka watoto wao madrasa, wakasoma Kurani na wakajua kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Elimu hiyo serikali mpya haikuihesabu. Mtu aliyejua kusoma na kuandika akaingizwa kwenye orodha ya wasiosoma.

Ila tusiishie kwenye misheni peke yake, maana tutakosea. Kusini kulikuwa na misheni, tena kongwe. Wabenediktini walikuwa Ndanda, Waanglikana walikuwa Masasi. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso mwaka 1938, alipita Ndanda, Kigonsera na Pugu kabla ya kwenda Makerere. Shule zilikuwapo, lakini Mtwara haikuwa na kahawa. Kilimanjaro ilikuwa nayo, na mwaka 1933 wakulima wake walianzisha chama chao kikuu cha ushirika, KNCU. Mkulima wa Machame au Marangu alikuwa na mahali pa kuuza, na msimu ukiisha alikuwa na fedha ya ada.

Fedha nayo haikutosha peke yake. Usukumani kulikuwa na pamba na ushirika wenye nguvu sana. Katika miaka ya 1950 Victoria Federation ilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Pamoja na hayo, shule hazikujaa kama Moshi. Kaya zilikaa mbalimbali, mifugo ilihitaji wachungaji, na mchungaji wa kawaida ni mtoto wa kiume wa miaka minane au kumi. Ili mtoto asome lazima kuwe na shule ya karibu, fedha ya kuilipia, na nyumba inayoweza kumwachilia aende. Kilimanjaro na Bukoba walipata yote matatu kwa wakati mmoja.

Sasa mtazame mtu wa Kigoma. Wakoloni waliufanya mkoa ule kuwa ghala la vibarua. Wenye mashamba ya mkonge walikuwa na shirika lao la kukusanya vibarua, SILABU, lililoanza mwaka 1944, na Waha walisafirishwa kwa treni kwenda kukata mkonge. Ndio manamba tunaowasikia katika masimulizi ya wazee. Kwa hiyo katika miaka ileile kijana wa Kibosho akivaa kaptula ya shule iliyonunuliwa kwa fedha ya kahawa, kijana wa Kasulu alikuwa kwenye behewa na namba yake ya kibarua. Wajukuu wa hao wawili ndio tunaowalinganisha leo matokeo yanapotangazwa.

Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha mara kwa mara kwamba Waingereza walipoondoka walituachia wahandisi wawili na madaktari kumi na wawili. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza na kitivo kimoja tu cha sheria, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Wanafunzi hawakufika ishirini. Walioweza kuingia pale, na waliokuwa wamekwisha kwenda Makerere, ni waliomaliza sekondari, na sekondari zilikuwa pale tulipokwisha kupataja. Serikali ya uhuru ilianza na wasomi waliotoka kwenye mikoa michache, na wasomi hao wakawa na watoto.

Mwalimu aliliona tatizo hilo na hakulifumbia macho. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilizitaifisha shule za mashirika ya dini. Zikaondolewa sharti la dini, na wanafunzi wakaanza kupangwa kutoka pande zote za nchi. Nafasi za kidato cha kwanza zikagawanywa kwa mikoa, ili mtoto wa Rukwa asishindanishwe moja kwa moja na mtoto wa Moshi. Wapo waliolalamika wakati ule, na wapo wanaolalamika mpaka leo, kwamba watoto wenye alama za juu waliachwa. Naamini uamuzi ule ulikuwa wa haki. Kasoro yake ni kwamba keki ilikatwa upya bila kuongezwa. Sekondari za serikali ziliendelea kuwa chache mno, na kufikia miaka ya 1980 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye sehemu ndogo kabisa ya vijana walio sekondari.

Wazazi wa Kilimanjaro walifanya nini? Walijichanga. Kanisa, kata, vyama vya wazazi na watu walioajiriwa Dar es Salaam walichanga wakajenga sekondari zao wenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 hakuna mkoa uliokuwa na sekondari nyingi zisizo za serikali kuliko Kilimanjaro. Kagera nao hawakukaa. Hapo mgao wa mikoa ukapungua nguvu, kwa sababu aliyekosa nafasi ya serikali alikuwa na mlango wa pili, na mwenzake wa Lindi hakuwa nao. Siwalaumu wazazi wale. Walifanya ambalo kila mzazi angetamani kulifanya. Ila tuelewe kwamba jitihada ile ilisimama juu ya wasomi wa kizazi kilichotangulia, waliokuwa na mishahara ya kuchangia na waliojua barua inaandikiwa ofisi gani.

Msikilizaji, nikitoka kwenye mikoa nije kwa wanawake, kuna jambo moja nataka ulikumbuke. Novemba 1974 chama tawala, TANU, kilipitisha Azimio la Musoma. Pamoja na mambo mengine, azimio lilisema kijana akimaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja. Afanye kazi kwanza miaka miwili au zaidi, kisha apate mapendekezo ya mwajiri na chama. Nia ilikuwa njema: msomi awajue wakulima na wafanyakazi kabla ya kuvaa joho. Lakini idadi ya wasichana pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliporomoka. Msichana wa miaka ishirini aliyerudi nyumbani kwa miaka miwili alikuta posa inamsubiri. Aliyeajiriwa alibeba mimba, akalea, na chuo kikawa hadithi. Serikali ilifanya jambo la busara: mwaka 1976 iliwaondolea wanawake sharti hilo.

Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi masharti yanayofanana kwa watu wote yanavyoweza kumzuia mmoja na kumpitisha mwingine. Hakuna aliyeandika kwamba wanawake wasisome. Sharti lilikuwa la wote, na lililowafunga ni maisha yanayomngoja msichana nje ya geti la shule. Miaka ya nyuma kidogo ya hapo na miaka iliyofuata, shule za wasichana kama Weruweru chini ya Mama Maria Kamm zilikuwa zinathibitisha kwamba msichana akipewa bweni, mwalimu na matarajio makubwa, anafika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kuwachukua wasichana waliokosa alama kidogo za kuingia kozi za sayansi, na baadaye za uhandisi, wakafundishwa kwanza, wakapimwa, ndipo wakadahiliwa. Wapo wahandisi wanawake walio kazini leo waliopita njia hiyo.

Sasa tuje karibu zaidi. Kuanzia mwaka 2004, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, nchi ilijenga shule za kata. Mwaka 2003 sekondari zilikuwa elfu moja na kidogo. Mwaka 2010 zilikwisha kupita 4,200. Mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi, na mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Kabla ya hapo Chuo Kikuu Huria kilikuwa kimekwisha kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, kikiwafuata walimu na watumishi huko huko mikoani. Zanzibar, ambayo haikuwa na chuo kikuu hata kimoja, ilipata cha Tunguu mwaka 1998, kisha Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Leo wanafunzi wa vyuo vikuu nchini wanazidi laki mbili. Ukikumbuka wale wasiofika ishirini pale Lumumba, ni safari ndefu, na nani anathubutu kuibeza?

Mimi siibezi. Shule za kata zilidhihakiwa sana, zikaitwa majina ya kejeli, lakini ndizo zilizotoa mhitimu wa kwanza katika maelfu ya familia. Ndizo zilizomfikia mtoto wa Liwale na wa Kakonko bila kupitia kahawa wala misheni. Kama pengo la mikoa limepungua kwa kiasi chochote katika miaka ishirini hii, sehemu kubwa ya sifa ni ya shule hizo.

Hata hivyo kuna hatari ya kujidanganya na takwimu. Sensa inamhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Mwaka 2022 Dar es Salaam ilihesabiwa watu 5,383,728, na ndani yao wamo wahandisi wa Rombo, mawakili wa Muleba na wahasibu wa Tukuyu. Ukiuliza mkoa gani una wenye shahada wengi, Dar itakujibu kwa sauti kubwa. Ukiuliza mtoto aliyezaliwa Mbagala na kusoma shule ya kata ya Mbagala ana uwezekano gani wa kupata shahada, hilo ni swali jingine kabisa. Dodoma vilevile. Serikali ilipohamia huko kuanzia mwaka 2016, wenye shahada walihamia na mafaili yao. Anayesoma jedwali la mkoa anaweza kudhani Chamwino na Kongwa zimepiga hatua kubwa, kumbe ni malori ya wizara yameshusha mizigo. Tunapopima, tumpime mtu kwa alikoanzia darasa la kwanza. Bila hivyo tutawapongeza wasiohusika na kuwasahau wanaostahili msaada.

Jambo hili ndilo linalonifanya nizungumzie matawi mapya ya vyuo. Kupitia mradi wa elimu ya juu uitwao HEET, unaogharimiwa kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, serikali inajenga matawi katika mikoa ambayo haikuwa na chuo kikuu cha umma. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinakwenda Lindi na Kagera, Muhimbili inakwenda Kigoma, Mzumbe inakwenda Tanga. Naunga mkono. Chuo kikija, nyumba za kupanga zinajengwa, soko linachangamka, na watoto wa mtaani wanamwona mwanafunzi wa udaktari akinunua nyanya. Hilo si dogo. Lakini wanafunzi wa tawi la Kigoma hawatakuwa wa Kigoma kwa sababu tu jengo liko Kigoma. Udahili ni wa nchi nzima. Nafasi za udaktari zitachukuliwa na wenye alama, na wenye alama wametoka shule gani?

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, msikilizaji, kwa kuwa hapa ndipo shahada inapopatikana au kukosekana, miaka mitano au sita kabla ya mahafali.

Nenda shule ya kata yoyote ya pembezoni, uliza: mwalimu wa hisabati ni nani? Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2020, 2021 na 2022, waliofaulu hisabati nchi nzima walikuwa takriban mmoja kati ya watano. Huo ni wastani wa nchi, pamoja na seminari na shule za binafsi zinazofaulisha karibu darasa zima. Ukiziondoa hizo, fikiria hali ilivyo kwenye shule yenye mwalimu mmoja wa somo hilo kwa vidato vyote vinne, au isiyo naye kabisa, ambako mwanafunzi wa kidato cha nne anayejua kidogo anamfundisha wa kidato cha pili.

Mtoto aliyefeli hisabati hawezi kwenda kidato cha tano kwa mchepuo wenye hisabati, kama PCM au EGM. Akibahatika kufaulu masomo ya sanaa, anapangiwa mchepuo wa sanaa, HGL au HKL. Siyadharau masomo hayo. Nchi inahitaji wanahistoria na walimu wa Kiswahili. Lakini tufuate mnyororo. Akimaliza kidato cha sita na kuomba mkopo, anakuta mwongozo wa Bodi umezipa kipaumbele kozi za sayansi, tiba, uhandisi na ualimu wa sayansi na hisabati. Mtoto wa shule isiyo na mwalimu wa hisabati, ambaye kwa kawaida ndiye mtoto wa familia isiyo na kitu, anasukumwa kwenye kozi ambazo mkopo wake ni mgumu kuupata. Aliyesoma shule ya ada ya mamilioni anaingia kozi ya kipaumbele. Hakuna aliyekaa mezani akapanga hivyo. Kila uamuzi ukiutazama peke yake una sababu yake. Maamuzi hayo yakiungana yanamwacha mtoto yuleyule nje, mara mbili.

Kuna jambo lingine la kutazama, nalo ni wapi wasichana wanapungua. Katika mtihani wa kidato cha nne miaka ya karibuni wasichana wamekuwa wengi kuliko wavulana. Ukifika kidato cha sita hesabu imegeuka, wavulana ndio wengi. Maana yake kikwazo kikubwa cha leo si cha kuingia sekondari, ni cha kuvuka kati ya kidato cha nne na cha tano. Shule ya kata ikiwa kilomita kumi kutoka nyumbani, wanafunzi wanapanga vyumba mtaani. Chumba cha udongo, godoro chini, kibatari, debe la unga kutoka nyumbani kila mwisho wa mwezi, na msichana wa miaka kumi na tano anayejipikia na kujifungia mlango mwenyewe. Wote tunajua kinachotokea kwenye vyumba hivyo. Novemba 2021 serikali iliondoa zuio na kuwaruhusu waliojifungua kurudi shuleni, na ulikuwa uamuzi wa haki. Bora zaidi ni bweni. Serikali imekuwa ikijenga shule za bweni za wasichana za sayansi, moja kwa kila mkoa, 26 kwa jumla. Kama ningeambiwa nichague kati ya tawi jipya la chuo na mabweni kumi ya wasichana wilayani, ningechagua mabweni bila kusita.

Na aliyevuka? Anapokea fomu ya kujiunga na kidato cha tano. Wanafunzi wanapangwa nchi nzima, kwa hiyo mtoto wa Nachingwea anaweza kupangiwa shule ya Kagera. Tangu mwaka wa fedha 2022/23 ada ya kidato cha tano na sita imefutwa, na hiyo ni nafuu kubwa. Lakini isome fomu yenyewe: godoro, shuka, sare mbili, viatu vyeusi vya kamba, ndoo, jembe lenye mpini, fyekeo, rimu ya karatasi. Kisha weka nauli ya siku mbili barabarani. Mzazi aliyeuza korosho mwezi wa kumi na moja hana kitu mwezi wa saba. Watoto wanaripoti kwa kuchelewa wiki tatu, wengine hawaripoti kabisa, na kwenye takwimu wanaandikwa tu kwamba walichaguliwa.

Baada ya miaka miwili, twende steshenari. Mwezi wa saba na wa nane, ingia steshenari yoyote katika mji wa wilaya, Kibondo, Tunduru, Mpanda. Utawakuta vijana wamekaa kwenye benchi na bahasha za kaki mapajani, wanajaza fomu ya mkopo mtandaoni. Kuna ada ya maombi, shilingi 30,000. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA, au na mamlaka husika kama amezaliwa Zanzibar. Kama ni yatima, cheti cha kifo cha mzazi nacho kihakikiwe. Fomu ichapishwe, ipigwe mhuri na serikali ya kijiji, isainiwe na mdhamini, ithibitishwe na wakili au hakimu, ipigwe picha, ipandishwe tena. Mtandao ukikatika, kesho. Mtendaji akiwa safarini, wiki ijayo.

Kwa mtoto wa mwalimu wa mjini hizo ni shughuli za siku tatu. Kwa mtoto wa Kalya, kijiji kilicho mwambao wa Ziwa Tanganyika, ni safari, malazi na mikopo midogomidogo kwa jamaa. Na yule ambaye baba yake alifariki kijijini, akazikwa kijijini, bila mtu kwenda kuandikisha kifo? Ni yatima kweli, kijiji kizima kinamjua, lakini hana karatasi. Bodi inatoa zaidi ya shilingi bilioni 700 kwa mwaka, na inasema wazi kwamba inawatanguliza yatima, wenye ulemavu na watoto wa kaya maskini zinazohudumiwa na mfuko wa TASAF. Nia hiyo naiamini. Tatizo ni kwamba umaskini wenyewe ndio unaomkosesha mtu vielelezo vya kuuthibitisha. Mtoto ambaye kaya yake imo kwenye daftari la TASAF serikali inamjua tayari. Kwa nini aende kuthibitisha upya kwa nauli yake? Madaftari mawili ya serikali moja yanaweza kuzungumza yenyewe kwa yenyewe, na pale yalipokwisha kuunganishwa, kazi hiyo ipelekwe mpaka mwisho.

Wapo watakaoniambia: shahada ya nini siku hizi, vijana wenye shahada wamejaa mitaani, wanaendesha bodaboda. Hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu inatoka kwenye maumivu ya kweli. Ajira hazijakua kwa kasi ya mahafali, na vyuo vya ufundi vya VETA na vyuo vya kati vinastahili heshima kubwa kuliko tunayovipa. Lakini nimegundua anayesema hivyo mara nyingi ana mtoto wake chuoni. Ushauri wa kwenda kujifunza ufundi hutolewa kwa watoto wa wengine. Hakimu, daktari wa wilaya, mhandisi wa maji, mkurugenzi wa halmashauri, wote hao wanatakiwa wawe na shahada. Mkoa usiotoa wenye shahada utaendelea kuongozwa na kutibiwa na wageni wanaohesabu siku za kuhama. Daktari aliyezaliwa Kigoma ana sababu ya kubaki Kigoma ambayo posho ya mazingira magumu haiwezi kuinunua.

Kwa hiyo ombi langu linakwenda kwa watu watatu. Diwani, kabla ya kuomba kura kwa ahadi ya chuo, nenda kwenye sekondari ya kata yako ukaulize nani anafundisha hisabati kidato cha kwanza na cha pili, na kama hayupo, jambo hilo lisitoke kwenye ajenda za baraza mpaka apatikane. Wewe uliyepata shahada na kwenu ni Liwale, Uvinza au Micheweni, mwezi wa saba rudi nyumbani hata kwa siku chache, ukae pale steshenari na wadogo zako, uwasomee mwongozo wa mkopo mstari kwa mstari, maana wewe unaujua na wazazi wao hawaujui. Na mzazi unayenisikiliza, kama mwanao yuko kidato cha kwanza na hana cheti cha kuzaliwa, usingoje amalize kidato cha sita. Kesho asubuhi nenda kakiombe.